UZI: Msafiri ukifika Berlin, usimpite mjusi wa Tendaguru

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Wapo wenzetu wengi wanaokwenda Ujerumani kwa masomo, kwa mikutano, kwa kuwatembelea ndugu au kwa kubadilisha ndege tu, na wengi wao hupitia Berlin. Wakirudi hutuonyesha picha za Lango la Brandenburg na za masalia ya ule ukuta uliougawa mji, lakini ni wachache wanaosema kwamba waliingia katika jumba la Invalidenstraße namba 43, ambamo amesimamishwa dinosaria aliyechimbwa kilima cha Tendaguru, Mkoa wa Lindi. Uzi huu nauandika kwa ajili ya msafiri wa namna hiyo, ili akipata nafasi ya nusu siku ajue pa kwenda, cha kutazama, na maswali ya kwenda nayo.

Nasema mapema ninachokiamini. Mtu wa Afrika Mashariki asiingie katika Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin kama mpita njia. Ukumbi mkuu wa jumba lile umejaa vitu vilivyochimbwa, vikafungwa na kubebwa kwa vichwa na mabega ya watu wa kusini mwa Tanzania, na habari hiyo huioni ukiitazama mifupa peke yake. Lazima uwe umeijua kabla hujafika, kwa sababu maandishi ya ukutani, hata yakiandikwa kwa nia njema kiasi gani, ni mistari michache tu, na mgeni aliyechoka kwa safari huisoma nusu yake.

Kwanza jumba lenyewe. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1810 pamoja na Chuo Kikuu cha Berlin, na jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1889. Hazina yake ina vielelezo zaidi ya milioni 30, kuanzia wadudu na mawe hadi ndege na nyangumi, na sehemu ndogo sana ndiyo inayoonyeshwa. Kufika ni rahisi: treni ya chini ya ardhi ya njia ya U6 ina kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, jina la makumbusho yenyewe, na ukiteremka kituo kikuu cha reli unaweza kwenda kwa miguu bila taabu. Siku ya Jumatatu hufungwa. Jengo limo katika matengenezo makubwa ya miaka mingi, kwa hiyo baadhi ya kumbi hufungwa kwa zamu. Angalia tovuti yao kabla ya kununua tiketi, hasa kama unasafiri kutoka mji mwingine.

Ukishaingia, nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa dinosaria ulio mbele ya mlango. Hapo ndipo alipo yeye tunayemwita mjusi wa Tendaguru, ambaye kwa jina la kitaalamu ni *Giraffatitan brancai*. Urefu wake kutoka sakafuni hadi utosini ni mita 13.27, na hakuna mifupa mingine ya dinosaria duniani iliyosimamishwa ambayo ni mirefu kuliko hiyo. Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kupiga picha. Simama karibu na mkono wa mbele, utazame mfupa mmoja tu, ule unaotoka begani hadi kwenye kiwiko. Una urefu wa zaidi ya mita mbili, yaani unampita mtu mrefu. Kisha sogea nyuma ulinganishe mikono na miguu, utaona kwamba mikono ya mbele ni mirefu zaidi, hivyo mgongo wake unateremka kuelekea mkiani kama wa twiga. Jina lake la kisayansi limetokana na umbo hilo.

Zamani mnyama huyu aliitwa *Brachiosaurus brancai*, jina alilopewa na Werner Janensch mwaka 1914, kwa sababu alifanana na dinosaria aliyechimbwa Colorado, Marekani, mwaka 1900. Mwaka 2009 uchunguzi wa kina wa mifupa ya wote wawili ulionyesha tofauti nyingi kiasi kwamba wataalamu wengi wamekubali kumweka wa Lindi katika jenasi yake mwenyewe. Ukikuta kitabu cha zamani kinachotumia jina la kwanza, usidhani kinazungumzia mnyama mwingine.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni kwamba si kila unachokiona pale juu ni mfupa halisi. Mikono, miguu na sehemu nyingine nyingi ni mifupa ya kweli, lakini pingili za shingo na za mgongo zilizosimamishwa ni za kuigiza, kwa maana zile za asili ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa kwenye chuma. Kichwa cha juu nacho ni cha kuigiza, na fuvu la asili limewekwa chini ndani ya kioo, ambapo unaweza kulitazama meno na matundu ya pua ukiwa umesimama mbele yake. Mkia ni wa mnyama mwingine wa aina hiyohiyo mwenye ukubwa unaokaribiana naye. Kwangu hili halipunguzi thamani yake hata kidogo. Linatufundisha kwamba kiunzi cha makumbusho ni kazi ya mikono ya wanadamu, iliyojengwa kwa uamuzi baada ya uamuzi, na ndiyo maana kiliposimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937 kilikuwa na mkao tofauti na huu wa sasa. Kati ya mwaka 2005 na 2007 kilifunguliwa chote na kujengwa upya, miguu ikanyooshwa zaidi chini ya mwili na mkia ukainuliwa kutoka sakafuni, kulingana na elimu mpya juu ya namna wanyama hawa walivyotembea.

Uzito wake nao umekadiriwa kwa namna zinazotofautiana sana. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja alipima ujazo wa sanamu ndogo ya mnyama huyu na kupata takribani tani 78. Makadirio mengi ya karibuni yako chini ya nusu ya hapo, na mojawapo linafika tani 23 tu. Sababu kubwa ni kwamba leo inafahamika kwamba pingili za dinosaria hawa zilikuwa na mapango ya hewa kama mifupa ya ndege, na pia namna ya kukisia kiasi cha nyama kilichozunguka mifupa imebadilika.

Aliishi takribani miaka milioni 150 iliyopita. Msomaji wa pwani atafurahi kujua kwamba makazi yake yalikuwa pwani. Miamba ya Tendaguru ina matabaka matatu makuu yenye mifupa ya dinosaria, na katikati ya matabaka hayo yapo mengine yaliyojaa makombe ya baharini. Maana yake bahari iliingia na kutoka mara kwa mara, na wanyama hawa walitembea karibu na fukwe na mabwawa ya maji ya chumvi. Katika ukumbi uleule wamo wengine waliotoka Tendaguru: *Kentrosaurus* mwenye miiba mgongoni na mkiani, *Dicraeosaurus* mwenye shingo fupi kuliko jamaa zake, *Elaphrosaurus* mwembamba aliyekimbia kwa miguu miwili, na *Dysalotosaurus* mdogo aliyekula majani. Watu humzunguka mkubwa na kuwaacha hawa. Mpe *Kentrosaurus* robo saa, nakuomba.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Mifupa hii ilifikaje Berlin?

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijamalizika, mhandisi wa migodi Mjerumani aliyeitwa Bernhard Sattler alikuta mfupa mkubwa sana karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Vitabu vingi humwita yeye mgunduzi. Mfupa huo ulikuwa juu ya ardhi, katika nchi ya Wamwera iliyokuwa na watu na njia zao, na ni vigumu kuamini kwamba macho ya kwanza kuuona yalikuwa yake. Mwaka uliofuata alikuja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart, akachukua baadhi ya mifupa, na habari ikaenea Ulaya. Serikali ya kikoloni ikalitangaza eneo hilo kuwa ardhi yake. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin, chini ya mkurugenzi wake Wilhelm von Branca, yaliendesha uchimbaji mkubwa. Viongozi wa mwanzo walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni alikuja Hans Reck pamoja na mkewe Ina.

Wazungu waliokuwepo kilimani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wafanyakazi Waafrika walikuwa zaidi ya 150 mwaka wa kwanza, na baadaye wakafika takribani 500, wengi wakiwa na familia zao, hata kilima kikawa kijiji. Hawa walikuwa watu waliotoka katika vita na katika njaa iliyofuata vita, baada ya mashamba na maghala kuteketezwa. Mshahara wa kuchimba mifupa, ingawa ulikuwa mdogo, ulikuwa na maana kubwa kwa mtu aliyepoteza mavuno. Sidhani kama mtu anaweza kuielewa idadi ile ya wafanyakazi bila kukumbuka jambo hili.

Jina moja ningependa kila anayesoma uzi huu aondoke nalo: Boheti bin Amrani. Huyu ndiye aliyekuwa mnyapara mkuu. Alianza kwa kusimamia vibarua, na kwa muda mfupi akawa fundi wa kufukua na kusafisha mifupa ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea. Mfupa uliokaa ardhini kwa mamilioni ya miaka hupasuka ukiguswa vibaya. Unahitaji jicho la kuona mpaka kati ya mfupa na udongo, na mkono wa kujua wakati wa kuacha. Elimu hiyo waliipata watu wa Lindi kwa kazi, msimu baada ya msimu, na wakafundishana. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la *Australodocus bohetii* kwa heshima yake, karibu miaka 100 baada ya kazi aliyoifanya. Mwaka 2019 mwingine akaitwa *Wamweracaudia keranjei*, na humo wamo Wamwera wenyewe.

Baada ya kufukuliwa, mifupa ilifungwa. Plasta ilikuwa ghali na ilitoka mbali, kwa hiyo walitumia vitu vya palepale: udongo mwekundu kama mto wa kuilinda, na mianzi iliyopasuliwa na kufungwa kuizunguka hadi ikawa mizigo ya mviringo. Baadhi ya mizigo hiyo ya mianzi ilikaa ghalani Berlin kwa miongo mingi bila kufunguliwa. Kisha ikabebwa. Wanyama wa kuvuta magari hawakuweza kutumika kwa sababu ya mbung'o, hivyo kila kitu kilikwenda kwa wapagazi, mwendo wa takribani siku nne hadi bandari ya Lindi, mzigo mdogo kichwani na mfupa mkubwa ukining'inizwa kwenye mti uliobebwa na watu kadhaa. Jumla ya shehena ilizidi tani 200. Kutoka Lindi ilipakiwa melini kwenda Ujerumani.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, ukisimama chini ya yule mjusi, jaribu kufanya hesabu kwa kichwa: ule mfupa wa paja ulihitaji watu wangapi, na walilala wapi njiani. Mimi nilipofanya hivyo ukumbi wote ulibadilika machoni pangu. Nilikaa kwenye benchi nikiwatazama watoto wa Kijerumani wakikimbia kuuzunguka, na nilitamani sana kila mmoja wao asikie jina la Boheti bin Amrani likitamkwa vizuri.

Kumbi nyingine nitazitaja kwa haraka. Usiache kumwona *Archaeopteryx*, yule ndege wa kale mwenye meno na mkia wa mfupa, ambaye alama za manyoya yake zimebaki kwenye bamba la chokaa kutoka Bavaria. Ni kisukuku halisi, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa katika mwamba, na umri wake unakaribiana na wa wanyama wa Tendaguru. Upande wa mashariki wa jengo ulibomolewa kwa bomu mwezi Februari 1945 na ukabaki gofu hadi ulipojengwa upya mwaka 2010. Humo kuna chumba kikubwa cha kioo chenye chupa 276,000 za samaki, nyoka na viumbe wengine waliohifadhiwa ndani ya spiriti. Wanyama waliokaushwa na kujazwa, akiwemo gorila Bobby aliyekufa katika bustani ya wanyama ya Berlin mwaka 1935, wanastahili kuangaliwa kwa ufundi wa waliowatengeneza.

Karibuni kwa maswali na michango.

Mchangiaji, Mtwara

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa andiko lenye nyama. Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama huko Lindi, na tulikuwa tukisikia habari za mifupa ya Tendaguru kama hadithi ya jioni, bila kujua kwamba ilichimbwa na watu wa umri wa babu zake. Swali langu ni hili: mtu asiye na uwezo wa kwenda Berlin akaenda Tendaguru yenyewe, ataona nini?

Mleta uzi

Ahsante sana, ndugu yangu. Asitegemee kukuta mifupa iliyosimamishwa. Atakuta kilima, msitu na mashamba, na mashimo ya zamani ambayo yameota miti na nyasi hata mgeni anaweza kuyapita bila kuyatambua. Asiende peke yake: apitie kwanza ofisi za serikali ya wilaya na za kijiji, apate kibali na mwenyeji wa kumwongoza, na aende wakati wa kiangazi kwa sababu ya barabara. Na tafadhali, akiona kipande cha mfupa juu ya ardhi akiache palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku, na zaidi ya sheria, kipande kikiondolewa bila kuandikwa kilitoka tabaka gani hupoteza karibu thamani yake yote kwa mtafiti.

Lakini ningependa aende. Aliyekwisha kuiona njia ya kutoka kilimani hadi Lindi mjini, hata kwa gari, atakuwa na picha ya safari ya wapagazi ambayo mimi siwezi kuiandika hapa.

Mchangiaji, Nairobi

Heshima kwako. Nakubaliana na mengi, ila nataka kuongeza jambo kwa wasafiri wa Kenya na wageni wanaopita Nairobi. Katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yumo Mvulana wa Turkana, kiunzi cha mtoto wa kale wa spishi ya *Homo erectus*, mwenye umri wa takribani miaka milioni 1.5. Alifukuliwa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, na kipande chake cha kwanza kilionwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye naye alianza kama kibarua wa uchimbaji na akawa mmoja wa watafutaji wa visukuku mashuhuri duniani. Tofauti ni kwamba aliyemwona ni mtu wa kwetu, jina lake linajulikana, na mifupa ya asili ipo nyumbani. Mtu akitoka Berlin bila kuwahi kuingia makumbusho ya Nairobi, au akamwacha fuvu la *Zinjanthropus* lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na ambalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, atakuwa ameenda mbali kabla ya kutazama karibu.

Mleta uzi

Mkuu, umenena jambo zito na nalipokea lote. Ulinganisho wa Boheti bin Amrani na Kamoya Kimeu ni wa haki kabisa. Wote wawili walikuwa na jicho ambalo shule haimpi mtu. Kilichowatenganisha ni utawala wa nyakati zao: mmoja alifanya kazi chini ya serikali iliyoona kwamba kila kilichomo ardhini ni chake, mwingine alifanya kazi katika nchi huru yenye makumbusho yake. Laiti Boheti angezaliwa miaka 60 baadaye.

Niongeze kwa faida ya wanaokwenda London: Waingereza nao walichimba Tendaguru kuanzia mwaka 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alifuatana na kijana Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete. Cutler alifariki kwa malaria huko Lindi mwaka 1925. Mifupa yao ilikwenda Makumbusho ya Elimu Viumbe ya London, lakini sehemu kubwa imo ghalani, kwa hiyo usiende kule ukitarajia kuona kiunzi kama cha Berlin.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimesoma yote kwa utulivu, na nasikitika kwamba mleta uzi amekwepa swali ambalo kila Mtanzania huliuliza: mjusi wetu anarudi lini? Tunafundishana namna ya kumtazama vizuri akiwa ugenini, tiketi tunalipa sisi, na faida inabaki huko. Mnaosema mifupa ni dhaifu na haiwezi kusafiri, mbona ilifunguliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikahifadhiwa chini ya jengo, na mwaka 1984 ikasafirishwa hadi Japan kwa maonyesho, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2005? Mfupa unaoweza kwenda Tokyo na kurudi unaweza kuja Dar es Salaam.

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako sikulikwepa, nililiacha kwa sababu nilitaka msafiri kwanza ajue anachokidai. Hoja yako kuhusu Japan ni ya nguvu, na mimi sina jibu la kuipinga. Anayetumia udhaifu wa mifupa kama sababu ya kukataa mazungumzo hana msingi.

Msimamo wa serikali yetu ulielezwa mwaka 2018, wakati waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani alipotembelea Dar es Salaam: kwamba Tanzania haidai mifupa hiyo irudishwe, bali inataka ushirikiano katika utafiti na uchimbaji. Suala hili limewahi pia kuzungumzwa bungeni, ambako wabunge wa kusini wameulizia manufaa ya wananchi wa Lindi. Mimi binafsi naona msimamo ule unatosha kwa upande mmoja na haukutosha kwa mwingine. Kiunzi kimoja kikubwa bila wataalamu wa kukitunza kingekuwa mzigo. Lakini Tendaguru haikutoa kiunzi kimoja. Ilitoa maelfu ya mifupa, na iliyo mingi haionyeshwi kwa mtu yeyote. Sioni sababu yoyote ya vipande vya asili kutokuja kukaa Lindi na Dar es Salaam, pamoja na nakala kamili ya mjusi mwenyewe, kumbukumbu zote za uchimbaji, na nafasi za masomo kwa vijana wa kusini wanaotaka kuwa wataalamu wa visukuku. Ningedai pia umiliki uandikwe upya kwenye mikataba, hata kama kiunzi kitabaki kilipo kwa muda. Ardhi yetu bado inatoa: mwaka 2019 dinosaria mwingine, aliyechimbwa katika bonde la Rukwa, aliitwa *Mnyamawamtuka moyowamkia*, jina la Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tukiwa na wataalamu wetu, wa kesho hawatasafirishwa kama wa jana.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Hapo kwenye umiliki tumekubaliana. Kwenye nakala bado sijaridhika. Nakala ni kwa wao kubaki nayo, asili ije kwetu. Lakini nashukuru kwa majibu ya heshima.

Mchangiaji, Hamburg

Kaka, shikamoo. Mimi naishi Hamburg na mume wangu na watoto wawili wa shule ya msingi, ambao Kiswahili wanakisikia nyumbani tu. Nataka niwapeleke wakati wa likizo. Je, watachoka? Na nitawaelezaje habari za wapagazi bila kuwatia uzito?

Mleta uzi

Marahaba, dada yangu. Watoto hawachoki katika ukumbi wa dinosaria; watachoka kwenye kumbi za mawe, kwa hiyo hizo muwe tayari kuziruka. Nenda nao siku ya kazi, alasiri, wakati makundi ya shule yameshaondoka, maana mwisho wa wiki foleni ni ndefu na huwezi kusimama mahali pamoja. Mabegi makubwa yaache kwenye makabati ya kuhifadhia vitu.

Kuhusu wapagazi, waeleze kwa ukweli, kwa kiasi cha umri wao. Kabla ya safari waonyeshe Lindi kwenye ramani, na uwaambie kwamba watu waliomtoa mjusi ardhini waliongea Kimwera na Kiswahili, lugha hiyohiyo wanayoisikia mezani kwenu. Mkifika, wape kazi: wachague mfupa mmoja wauchore, kisha wakadirie ungebebwa na watu wangapi. Mwombe pia mhudumu wa ukumbi awaonyeshe panapoelezwa habari za uchimbaji wa Tendaguru, na watoto wamuulize wenyewe, kwa Kijerumani chao, nani alikuwa mnyapara mkuu. Akijua, atafurahi kuulizwa. Asipojua, watoto wamweleze.